Figo Imetulia, Je, Mirija Yake?



Mwishoni mwa mwezi wa Shaaban tulisafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi kuwazuru jamaa zetu wanaoishi Mbotela, katika mitaa ya Eastlands. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa mwambao hawajui kwamba jina la mtaa huo lina mizizi kwetu. Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa jijini Nairobi mwaka 1952. Babake, James Mbotela wa Freretown, Mombasa, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Kwa hivyo mpwani aingiapo Mbotela hawi mgeni kabisa, na sisi tulipokewa kama watu waliorudi nyumbani.

Baada ya swala ya Isha, majirani kadhaa walikusanyika sebuleni ili tuzungumze juu ya matayarisho ya Ramadhani. Tulipomaliza, mke wa mmoja wa jamaa zetu alibaki nyuma, bahasha ya hospitali mkononi. Ni mama wa watoto watatu. Miaka minne iliyopita alipandikizwa figo aliyopewa na nduguye wa tumbo moja, baada ya kuhangaika muda mrefu na mashine ya kusafisha damu.

"Sheikh," alisema, "Ramadhani nne zimepita sikufunga hata siku moja. Watoto wanakua, wananiona nala mchana. Sasa kila nikienda kliniki naambiwa figo imetulia, kriatinini haijapanda. Basi mwaka huu nifunge?"

Tutakuwa wakweli mbele ya wasomaji wetu: neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Mtu anayetamani ibada namna ile humgusa kila amsikiaye, na figo iliyotulia twaifahamu sote kuwa ni figo nzima. Lakini tulikumbuka kwamba katika mambo ya mwili, wanaoulizwa ni wajuzi wa mwili. Tukampigia simu kijana mmoja tuliyemsomesha madrasa zamani, ambaye leo ni daktari wa figo. Alitusikiliza, kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia.

"Maalim, kriatinini nimeisikia. Potasiamu yake ni ngapi? Baikaboneti je? Magnesiamu?"

Tukaifungua bahasha. Kriatinini ilikuwa njema kama alivyosema. Lakini chini yake, katika karatasi ile ile, potasiamu ilikuwa juu ya mpaka, baikaboneti na magnesiamu zote zilikuwa chini. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kichujio chake chafanya kazi vizuri. Ni mirija inayolalamika."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Katika jamii yetu wapo wengi waliopandikizwa figo, au wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepandikizwa, na wengi wao hushikilia namba moja tu. Tumeona ni wajibu tueleze kwa nini namba moja haitoshi.

Kifumbu na ungo

Akina mama watatuelewa upesi tukianzia jikoni. Figo hufanya kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchuja, na ya pili ni kuchagua.

Ndani ya kila figo ya mtu mzima mna vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja. Damu ipitapo hapo, maji na kila kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake hupenya, nazo chembe za damu na protini kubwa hubaki. Ni kama tui linavyopita katika kifumbu, machicha yakabaki. Lakini kichujio hakijui kizuri wala kibaya. Hupitisha uchafu pamoja na sukari, chumvi na madini ambayo mwili wayahitaji. Kwa siku moja figo za mtu mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za maji. Lau yote hayo yangetoka kuwa mkojo, hakuna ambaye angeishi hadi jioni.

Hapo ndipo mirija inapofanya kazi yake. Kila kichujio kimeunganishwa na mrija mwembamba uliopindapinda, na kuta za mrija huo ni chembe hai. Kazi yake yafanana na ya mama aliyeketi na ungo wa mchele: hurudisha kilicho kizuri, hutupa kilicho kibaya. Mrija hurudisha katika damu karibu maji yote, sukari yote, na sehemu kubwa ya chumvi, fosfeti na magnesiamu. Kisha humwaga nje asidi na potasiamu iliyozidi. Katika zile lita 180, mkojo unaotoka huwa lita moja au mbili tu.

Sasa tuirudie kriatinini. Hiyo ni taka itokayo katika misuli, na mwili huiondoa zaidi kwa njia ya kuchuja. Ikipanda katika damu, twajua vichujio vimepungukiwa nguvu. Ikitulia, twajua vichujio vimetulia. Lakini haisemi mengi juu ya yule mwenye ungo. Tena kwa mtu mwembamba mwenye misuli michache, kriatinini huwa ndogo kwa asili, na yaweza kuficha hata udhaifu wa vichujio vyenyewe.

Sisi tuliosoma fiqhi tutalisema hivi: kriatinini ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi mmoja. Katika shauri zito kadhi hatoi hukumu kwa shahidi mmoja ilhali wengine wamesimama mlangoni wakingoja kuitwa.

Kwa nini mirija hudhoofika

Mirija hufanya kazi mchana na usiku, nayo yahitaji damu na hewa safi kwa wingi. Kwa sababu hiyo ndiyo hujeruhika mapema figo inapopata taabu. Figo inapotolewa kwa mtoaji na kabla ya kuunganishwa na mpokeaji, kuna muda ambao haipati damu. Muda huo ukirefuka, mirija huumia kwanza. Baadaye mwili ukijaribu kuikataa figo ngeni, askari wa damu huishambulia mirija hiyo hiyo. Wapo pia virusi viitwavyo BK, ambavyo watu wengi huwa navyo mwilini bila madhara. Kinga ya mwili inaposhushwa, huweza kuamka na kuzaana ndani ya chembe za mirija.

Sababu kubwa kwa mtu ambaye figo yake imetulia huwa ni dawa zile zile zinazoilinda. Hapa yafaa tukumbuke historia fupi. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, chini ya Daktari Joseph Murray. Ulifaulu kwa sababu mtoaji na mpokeaji, Ronald na Richard Herrick, walikuwa pacha wa kufanana kabisa, na mwili haukuiona figo kuwa ngeni. Wasio pacha walihitaji dawa za kutuliza kinga. Siklosporini ikaja kutokana na kuvu waliopatikana katika udongo wa Norwei, na takrolimasi ikatokana na bakteria waliopatikana mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Japani. Subhanallah, dawa za figo zikatoka udongoni.

Dawa hizo mbili zimeokoa figo nyingi mno, na asiziache mtu hata siku moja kwa sababu ya makala haya. Lakini zina gharama yake. Hubana mishipa midogo inayoipelekea figo damu. Huifanya mirija ishikilie chumvi, na shinikizo la damu likapanda. Huizuia kutoa potasiamu na asidi inavyotakiwa, nayo magnesiamu huponyoka na mkojo. Dawa nyingine ambayo wengi waliopandikizwa hupewa ili kuwakinga na maradhi, kotrimoksazoli, ijulikanayo mitaani kwa jina la Septrin, nayo huweza kuipandisha potasiamu.

Dalili zinazopita kimyakimya

Udhaifu wa mirija hauna kishindo, na mara nyingi mtu hutembea nao asijue.

Potasiamu ikizidi, mtu huweza kuhisi uchovu wa misuli, au asihisi lolote, mpaka moyo unapopoteza mdundo wake. Hiyo ndiyo hatari iliyo kubwa kuliko zote. Asidi ikijikusanya, mifupa na misuli huliwa polepole, na mtu huchoka bila sababu anayoijua. Magnesiamu ikipungua, misuli hukaza na kutetemeka. Fosfeti ikipotea, jambo linaloonekana zaidi miezi ya mwanzo baada ya upandikizaji, mifupa hudhoofika. Na mirija ikishindwa kuurudisha maji mwilini, mtu huamka usiku mara kwa mara kukojoa, na kiu humwandama mchana. Wakati mwingine sukari huonekana katika mkojo ilhali ya damu iko sawa, na mgonjwa hatumii dawa ya kisukari inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Hapo pia mrija ndio unaoshukiwa.

Mama yule wa Mbotela alipoulizwa na daktari kwa simu, alikiri kwamba huamka mara tatu au nne kila usiku, na miguu humkaza alfajiri. Hakuwahi kuyasema kliniki. "Nilidhani ni uchovu wa watoto," alisema. Mavyaa wake, aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, akaongeza kwa huruma: "Nami ndiyo maana kila nikija kutoka pwani namletea madafu, maji ya dafu yasafishe figo."

Hakuna aliyecheka. Mavyaa yule alikuwa akitoa alichokiamini kuwa ni dawa, na pwani nzima twaamini hivyo. Kwa mwenye figo nzima dafu ni kinywaji chema. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi sana, na kwa mtu ambaye mirija yake imeshindwa kuitoa, zawadi ile huwa ni mzigo juu ya moyo.

Meza ya futari

Tuitazame basi meza yetu ya futari kwa jicho hilo. Tende, ndizi, mihogo, viazi vitamu, mbaazi, maharagwe, sharubati ya machungwa na madafu: takriban vyote vina potasiamu nyingi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, mwili umekauka, akavianza vyote kwa pamoja ndani ya nusu saa, huipa mirija dhaifu kazi isiyoiweza.

Hatusemi kila aliyepandikizwa figo avikimbie vyakula hivyo. Wapo ambao potasiamu yao ni ya kawaida, na wapo ambao huipungukiwa. Asijinyime mtu neema ya Mwenyezi Mungu kwa kusikia tu. Ajinyime aliyepimwa akaambiwa. Na aliyeambiwa ana njia: tende moja yatosha kuipata sunna, na maji yanakamilisha. Mihogo na viazi hukatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi, na maji yale yakamwagwa, kwani sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye shinikizo la damu asiitumie bila ushauri, kwa kuwa aina nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Wala asinunue dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kwa kujiamulia, maana huipunguzia figo damu.

Je, afunge?

Yapo mambo mawili ya kusema, na yote mawili ni ya kweli.

La kwanza, baadhi ya tafiti zilizofanywa Saudia na katika nchi za Ghuba ziliwafuatilia waliopandikizwa figo ambao hali yao imetulia, wakafunga Ramadhani, na kazi ya figo zao haikuonekana kudhurika. Kwa hivyo si kweli kwamba kila aliyepandikizwa hafungi maisha yake yote. Wapo wanaoruhusiwa na madaktari wao, mara nyingi baada ya mwaka wa kwanza kupita, na dawa zao zikapangiwa saa za futari na daku.

La pili, mizani kubwa iliyotumika katika tafiti hizo ni nguvu ya vichujio. Ambaye mirija yake haiwezi kuyashika maji wala kuitoa potasiamu hawezi kujipima kwa jirani yake mwenye mirija mizima, hata kama kriatinini zao ni namba moja. Kutoka alfajiri hadi magharibi kwetu ni kiasi cha saa kumi na tatu na nusu. Mtu ambaye mkojo wake hautaki kukolea hupoteza maji saa zote hizo wala hana cha kuyarudisha.

Ama hukumu ya sharia, haina utata. Suratul Baqara, katika aya za kufaradhishwa saumu, imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Wanazuoni wamesema kwamba daktari mwaminifu na mjuzi akieleza kuwa saumu itamdhuru mgonjwa, ruhusa hiyo si ya kuonewa haya. Na madhara yakiwa makubwa, kufunga kwenyewe hugeuka kuwa kosa, kwa kuwa nafsi ni amana. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake atakapopata nguvu. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka atatoa fidia, nayo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe maskini.

Watoto nao waelezwe. Mtoto anayemwona mamake ala mchana wa Ramadhani na akaambiwa sababu yake, hujifunza kwamba dini yetu ni ya rehema. Akinyimwa maelezo, hujifunza kunong'ona.

Amana ya ndugu

Tusimsahau aliyetoa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, liliruhusu kiungo kutolewa kwa mtu aliye hai kwa masharti: kisimletee mtoaji madhara yanayoharibu maisha yake ya kawaida, kitolewe kwa hiari yake, na kisiuzwe. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo yataka idhini ya maandishi.

Kaka aliyetoa figo alikuwapo usiku ule, ameegemea ukuta. Tulipomuuliza afya yake alisema yeye hupimwa mara moja kwa mwaka, ila mwaka huu bado. Tukamhimiza aende, kwani aliyebaki na figo moja naye ana haki ya kuangaliwa. Kisha akamgeukia dadake, akamwambia kwa sauti ya chini: "Dada, mimi sikukupa ile figo ili uifungie saumu. Nilikupa uishi nayo."

Mama yule aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa pembe ya mtandio wake.

Alikwenda kliniki juma lile lile akiwa na mumewe. Tuliambiwa kwamba madaktari walipima kiwango cha dawa katika damu, wakapunguza kidogo kipimo cha mojawapo, wakampa vidonge vya baikaboneti na vya magnesiamu, na wakamwelekeza juu ya chakula. Kuhusu saumu, walimwambia asifunge mwaka huu, kisha watatazama tena. Hakufurahi. Lakini alituambia kwa simu kwamba miguu imeacha kumkaza, na kwamba yeye ndiye anayepika futari ya nyumba nzima, na wanawe sasa wajua kwa nini.

Mwenye figo iliyopandikizwa, au anayemhudumia mwenye nayo, akienda kliniki asiridhike kuambiwa tu kwamba figo imetulia. Aulize kwa adabu: potasiamu ni ngapi? Katika maabara nyingi hutarajiwa kati ya 3.5 na 5.0. Baikaboneti ni ngapi? Hutarajiwa kati ya 22 na 29 hivi. Magnesiamu na fosfeti zimepimwa? Mkojo una sukari au protini? Kiwango cha dawa katika damu kiko wapi? Na aseme yote anayoyahisi, hata kuamka usiku na kukaza kwa miguu, maana daktari hawezi kulitibu lisilosemwa. Karatasi zake azihifadhi mahali pamoja, na swali la saumu alipeleke mapema, tangu Rajab au Shaaban, asingoje mwezi uandame.

Nasi masheikh tujiusie wenyewe kabla ya kuwausia wengine. Muulizaji akija na bahasha, tuifungue pamoja na mjuzi wake kabla ya kuufungua mdomo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri waliotoa viungo vyao kwa ajili ya ndugu zao, na atujaalie sote kuzitunza amana alizotupa. Amin. Wallahu a'alam.